Usiulize Sili kwa Jina la Mashine

Swali: "Assalamu alaikum fundi. Mimi niko Gongoni, kaskazini ya Malindi. Marehemu baba alituachia bekho ya Massey Ferguson ya zamani yenye injini ya Perkins. Twaikodisha kuchimba mitaro na kupandisha matuta kwenye mashamba ya chumvi. Sasa rodi za silinda zinavuja, ndoo ikiinuliwa inashuka yenyewe, na kuna oili inadondoka kati ya injini na giaboksi. Malindi nimeambiwa spea zake hazipo, na Mombasa vilevile. Fundi mmoja ataka kukata raba ya tyubu na kupaka silikoni. Je, sili na gasketi hizi zapatikana wapi, au mashine ndiyo imekufa?"

Alaykum salaam ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee. Mashine haijafa. Umekosa sili, zile pete za kuzuia oili isivuje, kwa sababu umeziulizia kwa jina la mashine. Muuzaji alitazama rafu zake, hakuona boksi lenye jina hilo, akakwambia hakuna. Kwa alivyoulizwa, alijibu kweli.

Viwanda vya mashine kwa kawaida havitengenezi sili. Huzinunua kwa watengenezaji wa sili, kwa vipimo ambavyo vinauzwa kwa kila mtu, na vingi kati ya vipimo hivyo vinatengenezwa hadi leo. Sili ya shafti ya inchi moja na robo tatu haijui kama imo ndani ya bekho, pampu ya maji au winchi ya jahazi. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuivunja bekho kichwani mwako iwe vipande: injini ya mtu huyu, pampu ya haidroliki ya mtu yule, giaboksi, ekseli, silinda. Kila kimoja kina kibati chake au namba iliyogongwa kwenye chuma. Chukua brashi ya waya na mafuta ya taa, safisha chumvi na girisi iliyoganda mpaka namba zisomeke, kisha uzipige picha.

Kwa injini una bahati. Perkins ilianzishwa Peterborough, Uingereza, mwaka 1932, na Massey Ferguson wakainunua mwaka 1959. Injini zake zilitiwa kwenye matrekta, malori, jenereta na mashua. Zile za silinda tatu ziliendelea kuundwa India na Pakistan miaka mingi baada ya matrekta yenyewe kuachwa kutengenezwa Uingereza, na ndiyo sababu seti za gasketi zake bado zatembea sokoni. Ukienda kuuliza "gasketi ya bekho kuukuu" utarudi mikono mitupu. Taja namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, pamoja na idadi ya silinda, na mwenye duka atajua ashike boksi gani.

Kabla ya kufungua chochote, nakusihi kwa moyo wangu wote: shusha ndoo na mkono wa kuchimbia mpaka viguse ardhi, zima injini, kisha sukuma vishikio vyote huku na huku mpaka presha iishe. Usilale chini ya ndoo iliyoshikiliwa na silinda peke yake, hasa silinda ambayo umeshaniambia haishiki. Tena usitafute uvujaji kwa kupapasa paipu kwa kidole. Presha ya haidroliki ya mashine kama hiyo hupita bari 100, na uzi mwembamba wa oili hupenya ngozi na kuacha tundu dogo ambalo pengine haliumi sana saa ile. Mkono huo unaweza kukatwa. Pitisha kipande cha kadibodi utazame pale kitakapolowa. Oili ikimwingia mtu, ni hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe wazi kuwa ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha, maana mara nyingi huhitaji upasuaji wa haraka.

Sasa tujue kinachovuja ni kipi. Oili iliyolowa kwenye rodi, kile chuma cha kromu kinachotoka na kuingia kwenye silinda, ni sili ya rodi. Ndoo kushuka yenyewe ni jambo jingine: huenda sili za pistoni zimechakaa ndani, au vali unayoiongoza kwa vishikio ndiyo iliyolika. Fundi wa haidroliki ataifikisha pistoni mwisho wa mwendo wake, mkono ukiwa umetegemezwa sawasawa, afungue paipu ya upande wa pili na atazame kama oili inapita. Ikipita, ni sili za pistoni. Isipopita, tazama vali, usije ukanunua sili za silinda nne bure.

Ile ya kati ya injini na giaboksi, kinga tone kwenye karatasi nyeupe. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi na nyepesi. Ya gia ni nzito zaidi, rangi yake ni ya kahawia au dhahabu, na mara nyingi harufu yake ni kali. Ikiwa ni ya injini, kabla ya kuitenganisha mashine nzima fungua kipumulio cha injini ukisafishe. Vumbi, oili iliyoganda na chumvi vikikiziba, presha hujaa ndani na kuisukuma oili ipite hata kwenye sili nzima. Hali ni hiyo hiyo kwa giaboksi na ekseli. Kuna watu wamebadilisha sili tena na tena na kosa likawa ni kijitundu kilichozibwa na matope.

Ikiwa kweli ni sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, ujue kwamba injini nyingi za Perkins za zamani hazikuwa na sili ya mdomo pale. Zilikuwa na kamba iliyoshindiliwa kwenye kijifereji chenye nusu mbili. Walio na mashua za injini kule Lamu wanaifahamu pakingi ya kamba kwenye shafti ya rafadha. Ukoo wake ni huo. Kwa hiyo ukifungua ukakuta kamba, usidhani mtu alibahatisha. Nunua seti ya kamba inayolingana na namba ya injini, na mpe kazi hiyo aliyewahi kuifanya, kwa sababu kamba iliyokatwa fupi kidogo itavuja siku ya kwanza.

Tuje kwenye vipimo, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Nunua vania ya kidijitali, kile chombo cha kupimia unene na upana, inayosoma milimita na inchi. Sili kuukuu usiiamini kwa kipimo. Imekaa ndani ya oili na joto miaka mingi; huenda imevimba, imekauka, au mdomo wake umelika. Inakuonyesha umbo lake tu: ina mdomo mmoja au miwili, ina springi au haina, imefunikwa raba au bati. Kipimo chenyewe kichukue kwenye chuma: unene wa shafti mahali ambapo haijalika, upana wa tundu ambamo sili hukaa, na kina cha tundu hilo.

Kisha fanya hivi: kipimo kikija cha ajabu kwa milimita, bonyeza kitufe ukisome kwa inchi. Mashine za Uingereza na Marekani za enzi hizo zilichongwa kwa inchi. Shafti ikisoma 44.45 utaona kama namba isiyo na maana, lakini kwa inchi ni 1.75 kamili. Tundu la 63.5 ni inchi mbili na nusu. Muuzaji akikupa sili ya 45 kwa 62 kwa 10 kwa sababu "zafanana", mdomo utakuwa umeundiwa shafti nene kuliko yako kwa zaidi ya nusu milimita, hautaibana sawasawa, na mwili utacheza ndani ya tundu kwa milimita moja na nusu. Hapo ndipo silikoni inapoletwa kuziba pengo, na wiki ijayo mnaanza upya. Kataa. Sili za inchi zipo, ila lazima uziombe kwa inchi.

Sili kuukuu ikiwa bado ina maandishi, yasome juani. Ukiona 45 62 8, maana yake shafti ni milimita 45, tundu 62, unene 8. Ukiona 175 250 37 kwenye sili ya Kiingereza, hizo ni sehemu za mia za inchi: shafti 1.75, tundu 2.50, na unene 0.375 ambao tarakimu yake ya mwisho imekatwa. Herufi TC maana yake sili iliyofunikwa raba, yenye mdomo wa springi na mdomo mdogo wa vumbi. Kwa mashine inayofanya kazi kwenye vumbi la chumvi, usikubali isiyo na mdomo wa vumbi ikiwa nafasi inaruhusu. Na ukiona mshale au mistari ya mshazari karibu na mdomo, sili hiyo ni ya shafti inayozunguka upande mmoja tu. Ikitiwa shafti inayozunguka kinyume, itavuta oili nje badala ya kuirudisha ndani.

O-ringi, zile pete za raba za mviringo, nazo zina makabila. Za kipimo cha Kimarekani, ambazo utazikuta kwenye mashine nyingi za inchi, zina unene wa milimita 1.78, 2.62, 3.53, 5.33 na 6.99. Za Kijapani zenye alama ya P ni 1.9, 2.4, 3.5, 5.7 na 8.4. Ukichukua ya 2.4 kwa kijifereji cha 2.62, kwa macho zinalingana kabisa. Lakini o-ringi hufanya kazi kwa kubanwa, na hiyo nyembamba itabanwa karibu nusu tu ya inavyotakiwa. Itashika mashine ikiwa baridi, kisha itaachia jua la saa saba litakapowaka. Maduka mengi huwa na yale maboksi ya o-ringi mchanganyiko. Uliza boksi ni la kipimo gani kabla hujatia mkono.

Kwa silinda, pima unene wa rodi, kipenyo cha ndani cha bomba, na kila kijifereji kilichomo kwenye kichwa cha silinda na kwenye pistoni: kipenyo chake, upana wake, kina chake. Chora kwa mkono kwenye karatasi uandike vipimo pembeni, kwa sababu mchoro wenye namba unafaa kuliko picha kumi za simu. Seti ya sili inayouzwa kwa jina la mashine uifungue palepale dukani na uilinganishe na mchoro wako. Mashine hizi zilibadilishwa silinda mara kwa mara, na huwezi kujua aliyemuuzia mzee aliwahi kutia nini.

Habari ya raba ya tyubu: usikubali. Tyubu za magari kwa kawaida ni za raba ya butili, ambayo huzuia hewa vizuri sana lakini ikiguswa na oili ya madini huvimba na kulainika. Raba ya kufaa oili ya haidroliki, ya injini na ya gia ni naitraili, inayoandikwa NBR. Inastahimili joto la nyuzi kama 100 za selsiasi. Palipo na moto zaidi, kama sili ya krenki, bora FKM, ambayo wengi huiita Viton. Hiyo hufika nyuzi 200. FKM usiichome wala usichomelee chuma karibu nayo, kwani ikiungua hutoa gesi yenye sumu kali. Sili za rodi na pistoni mara nyingi ni za poliyurethani, ngumu, zisizokwaruzika upesi. Mtihani mkubwa ni breki: kama zako zatumia maji ya breki ya DOT 3 au DOT 4, hapo huhitaji NBR bali raba nyingine iitwayo EPDM. Na EPDM hiyo hiyo ukiitia kwenye oili ya madini inavimba. Zote ni nyeusi, zote zang'aa, na muuzaji anaweza kuzichanganya. Ukiwa na shaka, nunua moja ya ziada, ipime, ichovye usiku kucha kwenye kikopo cha oili ile ile utakayotumia, kiache kikopo juani siku inayofuata, kisha pima tena. Ikiwa imevimba na kulegea, mrudishie. Na hata iliyo sahihi, ikunje kabla ya kulipa. Raba huzeeka rafuni, na ikionyesha nyufa ndogo kwenye mkunjo, hiyo si mpya hata kama haijawahi kufungwa popote.

Sasa wapi. Malindi utapata sili za milimita za kawaida, karatasi za gasketi, na beringi. Kwa vipimo vya inchi na sili za silinda, nenda Mombasa kwenye maduka ya haidroliki na beringi, si maduka ya spea za magari. Pitia Shimanzi na Changamwe, na uliza pia wanaohudumia meli, maana meli zinatumia pakingi, karatasi nene za gasketi na o-ringi kubwa ambazo duka la magari halina haja nazo. Ikishindikana, Nairobi: barabara ya Kirinyaga kwa gasketi za injini, na Industrial Area kwa haidroliki. Huna haja ya kusafiri. Tuma mchoro wako, lipa, kifurushi kije na basi. Waulize pia kama wana mashine ya kukereza sili kutoka kwenye bomba la poliyurethani. Teknolojia hiyo ipo, na kwa silinda ya kipimo cha ajabu ndiyo njia fupi: wanahitaji vipimo vya vijifereji tu, na sili yakerezwa siku hiyo hiyo.

Gasketi nyingi utazikata mwenyewe. Za kifuniko cha oili, cha gia, cha pampu ya maji, zote ni karatasi ya gasketi, mkasi mkali na vitobozi vya matundu. Lakini pima unene wa ile kuukuu, kwa sababu kuna mahali gasketi ni kipimo cha mashine yenyewe. Kifuniko cha pampu ya gia ukikitia karatasi nene kuliko ya mwanzo, gia zitapata nafasi pembeni na presha itapotea. Giaboksi nyingine hupanga ulegevu wa beringi kwa unene wa gasketi. Wenye zile injini za Lister za mashine za kusaga wanajua kwamba gasketi za chini ya silinda ndizo zinazopanga pistoni ikaribie kichwa kwa kiasi gani. Gasketi ya kichwa cha injini usiikate kabisa. Hiyo nunua, na hakikisha uso wa kichwa haujapinda.

Vikole (washa) vya shaba nyekundu kwenye paipu za dizeli na nozeli vyaweza kutumika tena. Shaba hukakamaa ikibanwa. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia, itumbukize majini, na itarudi kuwa laini, tofauti na chuma cha patasi. Isugue masizi uifunge. Usifanye hivyo kwa vile vikole vyenye raba katikati.

Ukikuta gasketi kuukuu ya kijivu yenye nyuzinyuzi, hasa kwenye kichwa cha injini na ekzosi, ichukulie kuwa ina asbesto, pamoja na ile kamba ya krenki. Usiisugue kikavu, usitumie grinda wala kompresa ya kupulizia. Ilowanishe maji yenye sabuni, ikwangue taratibu, itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na watoto wasikaribie. Vumbi lake hukaa mapafuni miaka mingi kabla ya kudhuru.

Silikoni ina mahali pake: mstari mwembamba kwenye kona ambapo gasketi mbili zinakutana. Ikipakwa nene, ile inayobanwa kuingia ndani hukatika, husafiri na oili na kuziba kichujio cha pampu. Kwenye dizeli haikai.

La mwisho la kununua ni sili, la kwanza la kutazama ni chuma chenyewe. Pitisha ukucha juu ya rodi. Chumvi ya Gongoni hukauka juu ya kromu, na kila rodi inaporudi ndani huburuta punje zile kwenye wipa, ile pete ya nje ya kufuta vumbi, na kwenye sili. Kisha kromu hutoboka vishimo. Rodi yenye makali ya vishimo itaikata sili mpya ndani ya siku chache. Vishimo vidogo, laza makali yake kwa jiwe la kunolea na oili. Vikubwa, rodi ikapigwe kromu upya au ikerezwe nyingine. Shafti iliyochongwa mfereji na mdomo wa sili, unaweza kuisukuma sili mpya ikae milimita moja au mbili mbele au nyuma ya mfereji ule, kama tundu lina nafasi, au uivalishe slivu, yaani bomba fupi jembamba la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Na kila jioni, kabla ya kuzirudisha rodi ndani, zioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha egesha mashine rodi zikiwa zimeingia ndani. Zile zinazobaki nje, zipake girisi.

Unapofunga, upande wenye springi hutazama oili, na sili ya umbo la U hufungua mdomo wake kuelekea presha. Paka oili safi kwenye mdomo, funika nyuzi na kona kali kwa utepe wa plastiki ili zisiukate, na isukume sili kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo pande zote. Usiigonge upande mmoja kwa nyundo. Ya poliyurethani ikikataa kuingia, iloweke kwenye oili yenye uvuguvugu kwanza. Silinda ikishafungwa, itembeze polepole kwenda na kurudi mara kadhaa bila mzigo ili hewa itoke, ongeza oili, kisha inua ndoo tupu, weka alama ya chaki kwenye rodi, na uitazame baada ya robo saa bila mtu kusimama karibu.

Anza na kipumulio na karatasi nyeupe, ndugu yangu, halafu niandikie namba ya bloku, unene wa rodi zote, na kama tone lilikuwa jeusi au la dhahabu.